Sauti Isiyopitia kwa Msemaji

Kwa miaka minne niliishi katika mji mmoja wa Marekani nikifanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala la mizigo, na chini ya chumba changu aliishi mzee mmoja mstaafu wa zimamoto. Nilimwita Mzee, na nilipomweleza kwamba kwetu neno hilo ni la heshima, hakutaka tena nimwite kwa jina lake. Juu ya meza yake ya jikoni, kati ya kopo la sukari na dawa zake za presha, palikuwa na skana: kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kitabu kinene, antena fupi ya mpira, kioo kidogo chenye mwanga wa rangi ya chungwa, na vifundo viwili, kimoja cha sauti na kingine cha kunyamazisha mkwaruzo pale ambapo hakuna anayezungumza. Namba za masafa zilipita kwenye kioo hicho kwa kasi mpaka mahali fulani mtu alipobonyeza redio yake ya upepo. Hapo namba zilisimama, na sauti ya mwanamke wa kituo cha simu za dharura ikajaa jikoni, tulivu kabisa, ikitaja mtaa, namba ya nyumba na kile kinachosemekana kutokea hapo.

Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya upweke. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiendelea kufanya kile alichokifanya kazini kwa miaka mingi, yaani kuujua mji wake kwa masikio. Aliweza kutofautisha uchovu wa askari anayemaliza zamu na wasiwasi wa askari mgeni. Nilipotoka kazini alfajiri nilipitia kwake kunywa kahawa, na taratibu nami nikaanza kusikia: ajali za magari, ugomvi wa majirani, kengele za maduka zilizolia bure, walevi waliolala vituo vya basi, wazee waliopotea njia. Kabla ya hapo picha yangu ya polisi wa nchi ile ilikuwa risasi na misako. Redio ilinionyesha kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kusubiri, kuandika, na kumtuliza mtu aliyefika mwisho wa subira yake. Wanaodhani kwamba wasikilizaji wa skana ni maadui wa polisi hawajawahi kukaa nao. Wengi niliowafahamu waliwaheshimu polisi zaidi kwa sababu waliwasikia.

Usiku mmoja wa baridi kali helikopta ilizunguka juu ya jengo letu kwa karibu saa nzima, taa yake ikipita na kurudi madirishani. Majirani walitoka kwenye ujia wakiwa na nguo za kulalia, na mama mmoja wa ghorofa yangu alikuwa ameshawalaza wanawe chini, bafuni, mbali na madirisha. Mzee alipanda ngazi skana ikiwa mkononi, akatuambia kwamba anatafutwa bibi mwenye ugonjwa wa kusahau aliyetoka nyumbani bila koti. Hofu iligeuka kazi. Baada ya dakika chache vijana wawili wa jengo letu walikuwa nje na tochi, wakiangalia nyuma ya mapipa na chini ya magari. Bibi yule alipatikana akiwa hai nyuma ya kanisa, na hilo nalo tulilisikia palepale kwenye ngazi, sote tukiwa tumeinamia kile kisanduku.

Kisha idara ya polisi ya mji huo ilifunga redio yake. Tangazo lilikuwa la aya mbili, na asubuhi iliyopangwa ilipofika, chaneli zilizokuwa zikizungumza zilianza kuonyesha herufi tatu tu za kueleza kwamba mawasiliano yamefichwa. Ukilazimisha sauti ifunguke ulisikia kitu mfano wa maji yanayochemka ndani ya bati. Miezi kadhaa baadaye helikopta ilirudi usiku, chini kuliko mara ya kwanza, na watu wakatoka tena kwenye ujia, lakini Mzee alisimama mlangoni mikono mitupu. Mama yule aliwarudisha wanawe bafuni. Siku iliyofuata, adhuhuri, ukurasa wa idara uliandika kwamba tukio limedhibitiwa na hakuna hatari kwa umma. Mpaka ninahama mji ule sikujua kilikuwa kitu gani.

Tangu hapo nimefuatilia suala hili kuliko nilivyowahi kufuatilia suala lolote la umma, na ninataka kueleza ninachokiamini kuhusu redio hizi. Thamani ya redio ya polisi iliyo wazi haiko katika siri inazozifichua, kwa maana siri hazikuwa nyingi. Iko katika wakati inapofika. Ripoti ya polisi, mkutano na wanahabari, video ya kamera ya kifuani, hata kumbukumbu za mahakama, vyote hufika kwa mwananchi baada ya mtu fulani kuvipitia na kuamua namna ya kuvieleza. Redio peke yake ilifika kabla hajatokea wa kuamua.

Redio hiyo haikuzaliwa ya siri. Idara ya polisi ya Detroit, inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuongoza magari ya doria kwa redio kwa utaratibu wa kudumu, ilianza Aprili 1928 kwa matangazo ya upande mmoja: kituo kilisema, askari ndani ya gari alisikia, lakini hakuwa na njia ya kujibu. Katika majaribio ya miaka iliyotangulia, kituo hicho kilichoitwa KOP kilikuwa na leseni iliyokitaka kitoe burudani, hivyo muziki ulipigwa katikati ya matangazo ya magari yaliyoibwa. Mawasiliano ya pande mbili kati ya gari na kituo yalianza mwaka 1933 katika mji wa Bayonne, New Jersey. Masafa ya wakati huo yalipakana na yale ya redio za sebuleni, na familia zilizoketi kusikiliza taarifa ya habari ziliweza kuzungusha kifundo kidogo tu zikawasikia askari wa mji wao. Mwaka 1938 mpiga picha Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, alipata kibali cha kuwa na redio ya polisi ndani ya gari lake jijini New York, na picha zake za mauaji, moto na vilio vya usiku ndizo ambazo mpaka leo huwaonyesha watu jinsi jiji lile lilivyokuwa. Kizazi baada ya kizazi, vyumba vya habari vya Marekani viliweka skana kwenye meza ya mhariri wa zamu kama vilivyoweka simu.

Sheria nayo iliufuata uhalisia huo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 iliweka mipaka ya kunasa na kusambaza mawasiliano ya redio ya watu wengine, kisha Sheria ya Faragha ya Mawasiliano ya Kielektroniki ya mwaka 1986 ikasema waziwazi kwamba mawasiliano ya polisi na zimamoto ambayo umma unaweza kuyafikia kwa urahisi yanaruhusiwa kusikilizwa. Simu za mkononi zilitengwa: tangu mwaka 1994 ni marufuku kutengeneza au kuingiza nchini humo skana inayopokea masafa ya simu hizo. Mazungumzo ya mtu binafsi yalilindwa, kazi ya umma ikaachwa wazi, na mimi naona mgawanyo huo ulikuwa wa busara. Udhaifu wake ni mmoja, na ni mkubwa. Sheria ile haikumpa mwananchi haki ya kusikia. Ilimruhusu tu kusikia kile ambacho hakijafichwa, na uamuzi wa kuficha ukabaki kwa idara yenyewe. Kwa muda mrefu hilo halikuonekana kuwa tatizo, kwa sababu kuficha sauti ya analogi, yaani ya redio za zamani zisizo za kidijitali, kulikuwa ghali na kuliiharibu sauti yenyewe.

Mambo yalibadilika redio zilipogeuka za kidijitali. Kiwango kinachoitwa P25, kilichoanza kuandaliwa mwaka 1989 kwa ajili ya vyombo vya usalama vya Marekani, huigeuza sauti kuwa namba, na ikishakuwa namba, kuificha kwa ufunguo wa biti 256, yaani namba ya siri ndefu mno isiyoweza kubahatishwa, ni suala la kununua leseni ya programu na kuwasha swichi. Hapa inafaa kutofautisha vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Redio ya kidijitali si lazima iwe ya fiche. Skana za kisasa husoma P25 bila shida, na tangu mwaka 2012, watu walipogundua kwamba kipokezi cha bei ndogo cha televisheni kinachochomekwa kwenye kompyuta kinaweza kupokea karibu masafa yoyote, hata mwanafunzi aliweza kufuatilia mfumo wa redio wa jiji zima kwa dola 20 au 30. Mitandao kama Broadcastify iliwakusanya wenye skana wa kujitolea, kila mmoja akirusha sauti ya eneo lake, na mtu aliyekuwa mbali aliweza kusikiliza polisi wa mji aliozaliwa. Idara inaposema imefunga redio kwa sababu mitambo ni ya kisasa, inachanganya mtambo na uamuzi.

Uamuzi huo una sababu, na mojawapo ni nzito kiasi kwamba nisipoieleza kwa haki sitastahili kuaminiwa katika mengine. Jikoni kwa Mzee, alfajiri moja, nilimsikia mratibu wa kituo cha dharura akimpeleka askari kwenye nyumba ya mwanamke aliyemeza vidonge. Alitaja jina lake kamili, tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya chumba, aina ya vidonge, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili katika mwezi huo. Nilikijua kile chumba. Nilikuwa nikimwona mwanamke huyo mara kwa mara dukani, na juma lililofuata nilimwona tena, akiwa amebeba mkate na maziwa, akanisalimia. Sikujua niweke wapi macho yangu. Nilikuwa na kitu chake ambacho hakunipa. Mzee alizima skana alfajiri ile kabla tukio halijaisha, na hakuiwasha hadi jioni, sikumwuliza sababu.

Kwa hiyo Idara ya Sheria ya California ilipotoa waraka Oktoba 2020 ikizitaka idara za polisi za jimbo hilo zilinde taarifa binafsi zinazotoka kwenye hifadhidata za serikali, mimi sikuona ubaya wowote. Waraka huo ulitoa njia mbili: kuficha redio, au kuwa na utaratibu unaozuia majina na namba za leseni zisitajwe hewani pamoja. Idara nyingi zilichagua njia ya kwanza na kufunga kila kitu, pamoja na yale mengi yasiyohusiana na jina la mtu yeyote. Lakini polisi wa barabara kuu wa California, wanaosimamisha madereva na kukagua leseni siku nzima katika jimbo zima, walichagua njia ya pili na kubaki wazi. Taarifa nyeti inaweza kutumwa kwenye kompyuta ya gari, au kwa simu, au kuhamishiwa kwenye chaneli moja ya fiche kwa muda wa ukaguzi tu. Mwanamke yule wa vidonge angelindwa kikamilifu kwa njia hiyo, na bibi aliyepotea kwenye baridi bado angepata vijana wawili wenye tochi.

Sababu ya pili inayotolewa ni usalama wa askari, kwamba wahalifu husikiliza. Kwamba mwizi anaweza kupakua programu ya simu na kusikia doria inakoelekea ni jambo linalowezekana, wala silidharau; ndiyo maana vikosi vya misako na upelelezi vilikuwa na chaneli za fiche kwa miongo mingi, na sijawahi kukutana na mwanahabari au msikilizaji aliyelalamikia hilo. Kinachopaswa kuthibitishwa ni kitu kingine: kwamba ugomvi wa maegesho, ajali ya lori na kengele ya benki navyo vinahitaji ulinzi uleule. Idara inayotaka kufunga chaneli ya doria ya kila siku inapaswa kuleta matukio yake yenyewe, yenye tarehe, yakionyesha askari waliodhurika kwa sababu mtu alisikiliza. Mji wangu ule haukuleta hata moja.

Ninarudi kwenye suala la wakati, kwa sababu ndipo penye uzito. Tarehe 24 Mei 2022 kijana mwenye silaha aliingia katika shule ya msingi huko Uvalde, Texas, akawaua watoto 19 na walimu 2. Siku iliyofuata gavana aliwasifu askari kwa kuitikia haraka, na siku mbili baada ya hapo alisema amepotoshwa. Leo tunajua kwamba askari 376 wa vyombo mbalimbali walifika, na kwamba zilipita dakika 77 kabla ya mlango wa darasa kufunguliwa na muuaji kuuawa. Simulizi rasmi ilibadilika mara kadhaa ndani ya juma moja, na wazazi waliotaka video na rekodi walipambana kwa muda mrefu kuzipata. Wazazi waliosimama nje ya uzio wakiwasihi askari waingie walikuwa mashahidi wa kwanza wa ukweli, na wao hawakuhitaji msemaji. Sisemi kwamba Uvalde ilisababishwa na redio za fiche. Ninasema tukio hilo linaonyesha jinsi maelezo ya siku ya kwanza yanavyoweza kuwa kinyume na yaliyotokea, na kwamba kila chanzo ambacho hakikupita mikononi mwa watoa maelezo kina thamani kubwa kuliko inavyoonekana siku za amani.

New York ilionyesha upande mwingine wa jambo hilo. Wakati wa maandamano ya mwaka 2020 ya kupinga ukatili wa polisi, waliokuwa wakisikiliza redio ya polisi wa jiji hilo walisikia sauti zikihimiza waandamanaji wapigwe risasi, na katika kisa kimoja sauti nyingine ikajibu kwa kuonya kwamba maneno kama hayo yasisemwe hewani. Onyo hilo linanisumbua kuliko tusi lenyewe. Aliyelitoa alijua kwamba kuna wanaosikiliza, na kujua huko ndiko kulikomfanya aseme kitu. Miaka mitatu baadaye, Julai 2023, idara hiyohiyo ilianza kufunga chaneli za vituo kadhaa vya Brooklyn katika mradi wa redio mpya uliokadiriwa kugharimu dola milioni 390, na Novemba mwaka huo viongozi wake waliitwa mbele ya Baraza la Jiji kujieleza. Seneta wa jimbo Michael Gianaris alipeleka muswada wa kutaka wanahabari na watoa huduma za dharura waendelee kupata mawasiliano hayo. Watoa huduma wana hoja yao ya pekee, na ni ya uhai: Septemba 11, 2001, siku ya shambulio la minara pacha ya jiji hilo, marubani wa helikopta za polisi walionya kwa redio kwamba mnara uliobaki ungeanguka, na zimamoto waliokuwa ndani yake, wenye redio zao na masafa yao, hawakusikia.

Miji mingine imejaribu kukutana katikati kwa kuchelewesha. Chicago ilianza kufunga redio zake mwaka 2022 na kuuwekea umma rekodi inayosikika baada ya dakika 30. Baltimore ilifuata mwaka 2023 kwa dakika 15. Ucheleweshaji ni bora kuliko ukimya, nakubali. Lakini dakika 30 zinamtosha mtu mwenye bunduki kuvuka mitaa mingi, na mama aliyelaza watoto bafuni haulizi kilichotokea nusu saa iliyopita. Tena rekodi inayocheleweshwa ni rekodi inayopita mlangoni mwa mtu, na mwenye mlango anaweza kuufunga siku ileile ambayo wananchi wana haja ya kusikia. Colorado ilikwenda njia nyingine baada ya Denver kufunga redio zote mwaka 2019: sheria ya mwaka 2021 inazitaka idara zinazoficha mawasiliano yao yote ziwe na utaratibu wa kuwapa vyombo vya habari nafasi ya kusikiliza. Hilo linamsaidia mhariri mwenye kampuni nyuma yake. Halimsaidii Mzee, na kwa kuwa magazeti mengi ya miji midogo ya Marekani yamekufa, mara nyingi watu wa aina ya Mzee ndio pekee waliobaki wakisikiliza.

Wasikilizaji nao wana makosa yao, na lililo baya zaidi ninalolijua ni la Boston. Usiku wa Aprili 18 kuamkia 19, mwaka 2013, polisi walipokuwa wakiwasaka walipuaji wa mbio za marathoni, maelfu walisikiliza kwa intaneti, na ujumbe ukaenea kwa kasi ukidai kwamba majina ya washukiwa wawili yametajwa redioni. Watu hao hawakuwa na hatia yoyote, na familia ya mmoja wao, iliyokuwa tayari ikimtafuta kijana huyo aliyepotea, ilipitia mateso ambayo hayasemeki. Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi kwa sababu linatajwa daima kama hoja ya kufunga. Lakini waliorudi kusikiliza rekodi hawakulikuta jina la kijana huyo likitajwa kuwa la mshukiwa. Uvumi ulitoka vinywani mwa watu na kuvikwa mamlaka ya redio, na kilichowezesha kuukanusha ni rekodi iliyokuwa wazi kwa kila mtu. Redio ingekuwa ya fiche, mtu yeyote angeweza kudai kwamba amesikia lolote kutoka kwa ndugu yake askari.

Tena fiche yenyewe haifungi kama inavyodhaniwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Matt Blaze na wenzake, walichapisha utafiti wa redio za P25 za vyombo vya serikali kuu, na walichokuta ni kwamba maofisa waliodhani wanazungumza kwa siri walikuwa mara kwa mara wakirusha mawasiliano nyeti yakiwa wazi kabisa, kwa sababu swichi ilikuwa upande usiofaa au mwenzao mmoja alikosa ufunguo mpya na wote wakaamua kuzungumza bila fiche. Hawakuhitaji kuuvunja usimbaji. Waliketi tu wakasikiliza. Walionyesha pia kwamba kifaa cha watoto cha kuchezea, kikiandikiwa programu nyingine, kinaweza kuvuruga mawasiliano hayo. Huko Ulaya, ambako polisi wengi hutumia mfumo wa TETRA, wataalamu wa Uholanzi walitangaza mwaka 2023 kwamba mojawapo ya algoriti zake, yaani kanuni za kuficha sauti, inayoitwa TEA1, ilikuwa na ufunguo wa biti 80 uliopunguzwa kimyakimya hadi 32, na algoriti hiyo ilikuwa imefichwa kwa zaidi ya miaka 20. Anayeahidi usalama kwa kufunga chaneli zote hupata mzigo mkubwa wa funguo za kugawa, kubadilisha na kukumbuka, na mzigo huo ukiporomoka, anayefaidika ni yule mwenye utaalamu na nia mbaya, huku mkazi wa kawaida akibaki nje.

Mlango uliofungwa unaweza kufunguliwa, na mji mmoja umefanya hivyo mbele ya macho yetu. Palo Alto, California, ilificha redio yake Januari 2021 baada ya ule waraka wa jimbo. Wakazi walilalamika, wanahabari wakaandika, Seneta Josh Becker akapeleka muswada ambao haukupita, na mwaka 2022 Mkuu mpya wa Polisi wa mji, Andrew Binder, aliamua kurudisha mawasiliano ya wazi kuanzia Septemba 1. Hakusubiri sheria wala mitambo mipya. Askari wake walielekezwa kupeleka taarifa binafsi kwa kompyuta za magari na simu, na kile kinachobaki kisemwe hewani kama zamani.

Mji wangu ule haujafanya hivyo. Mzee bado yuko jikoni kwake, na tunapopigiana simu huwa naisikia skana nyuma ya sauti yake, kwa sababu zimamoto hawajafunga chaneli yao na yeye hakukubali kuizima. Mara ya mwisho aliniomba nisubiri, akaisogeza simu karibu na kile kisanduku. Mratibu alilipeleka gari la zimamoto na la wagonjwa kwenye mtaa niliokuwa nikipita kila alfajiri nikitoka kazini, akataja namba ya jengo, kisha akawaambia wasimame mbali mpaka polisi waseme ni salama kusogea. Kiongozi wa gari akajibu kwamba wamefika na wanasubiri. Mzee alirudisha simu sikioni, na sote wawili tukanyamaza tukisikiliza. Injini ya lile gari ilisikika ikiunguruma kila kiongozi wake alipobonyeza redio kuuliza kama kuna neno kutoka kwa polisi.